Mtoto Mwenye ADHD na Barabara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanajirudia kila wazazi wa watoto wenye ADHD wakikutana, kwahiyo tumeyapa namba ili ukisoma jibu moja uweze kuruka kwenda lingine. Kama mtoto kakuchomoka leo na moyo bado unakudunda, anza na la 7 na la 8, mengine yatakusubiri.

## MAMBO YA MSINGI

1. ADHD ni nini hasa, na barabara inaingiaje hapo?

ADHD ni hali ya ubongo inayoanza utotoni, inagusa umakini, utulivu wa mwili, na ile breki ya ndani inayomfanya mtu asubiri kidogo kabla ya kutenda. Inakadiriwa karibu asilimia 5 ya watoto duniani wanayo. Haitokani na malezi mabaya wala ukaidi, na mtoto anaweza kuwa na akili kali darasani akawa nayo vilevile.

Sasa barabara inadai vyote vitatu kwa mpigo: utulie ukingoni, uangalie pande zote bila kuvutwa na kitu kingine, alafu usubiri hata kama miguu inataka kwenda. Na barabara haichagui. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, watu wa rika zote kama milioni 1.19 wanakufa kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki, yaani watu wasio na bodi ya gari ya kuwakinga.

2. Si watoto wote wanakurupuka? Nitajuaje wangu ni tofauti?

Wote wanakurupuka, ndiyo. Angalia wenzake wa rika lake, usimlinganishe na dada yake mkubwa. Kama wenzake wa miaka 8 wanafika ukingoni wanasimama wenyewe, na yeye kila siku lazima adakwe shati, andika hilo mahali (utalihitaji, soma swali la 17).

Kipimo hakifanywi na mzazi wala mwalimu peke yake. Daktari anatafuta dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, zinaonekana sehemu zaidi ya moja, mfano nyumbani na shuleni, na zinamharibia maisha ya kila siku. Mtoto anayesumbua barabarani tu na kwingine kote katulia, huyo mpeleke kwanza akapimwe macho na masikio.

3. Mbona sheria zote anazijua, nikimuuliza nyumbani ananijibu vizuri, akifika barabarani ni kama hajawahi kufundishwa?

Hili ndilo swali lenyewe. Ukilielewa hili, majibu mengine yote humu utaweza kuyatunga mwenyewe.

Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Alabama, Marekani, walichukua watoto wa miaka 7 hadi 10, nusu wana ADHD nusu hawana, wakawavusha barabara ya kwenye skrini, magari ya kompyuta, hakuna wa kuumia. Matokeo yakatoka mwaka 2011. Wengi tungetegemea wale wenye ADHD hawataangalia kabisa kulia na kushoto. Waliangalia! Waliangalia vizuri tu kama wenzao. Tofauti ikaja kwenye kuamua: walichagua nafasi finyu zaidi kati ya gari na gari, na walimaliza kuvuka huku gari limebakiza muda mdogo zaidi kuwafikia.

Maana yake macho yaliona, ila kile kilichoonekana hakikuchambuliwa sawasawa kabla mguu haujaondoka. Kwahiyo ukimwona mtoto kageuza kichwa kulia, kushoto, kulia, usiseme huyu kashaiva, kugeuza kichwa ni mazoea ya shingo tu. Na ukimkuta kaingia barabarani usikimbilie "hana adabu", kwa sababu sheria anaijua, kilichomkosa ni kuitumia kwa sekunde ile ile inapotakiwa. Ndo maana kuhubiri hakusaidii sana. Kinachosaidia ni mazoezi ya pale pale barabarani, mtu mzima aliye karibu, na mazingira yanayomsamehe akikosea.

4. Wangu ni mpole, hakimbii, yuko kwenye mawazo tu. Naye yumo?

Yumo. Kuna ADHD ya kutokuwa makini bila fujo, na wasichana wengi wanakosa kutambuliwa kwa sababu hawasumbui mtu. Huyu harukii barabarani, anaingia taratibu huku anawaza vyake, au anasimama katikati kwa sababu kaona kitu. Kwa dereva ni hatari ile ile, na pengine mbaya zaidi kwa sababu hakuna anayekuwa macho juu yake.

## KUVUKA KWA MIGUU

5. Aanze kuvuka peke yake akiwa na miaka mingapi?

Umri peke yake hautoshi. Watoto wengi wanaanza kukadiria vizuri kasi na umbali wa gari wakikaribia miaka 10. Kwa mwenye ADHD ongeza muda. Utafiti wa picha za ubongo uliotoka Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba gamba la ubongo la watoto wenye ADHD linafuata njia ile ile ya ukuaji ila linachelewa, sehemu kubwa inafika unene wake wa juu kwenye miaka 10 na nusu badala ya 7 na nusu. Umechelewa kama miaka mitatu hivi, haujaharibika.

Mimi kipimo changu ni hiki: tembea nyuma yake, usiseme neno, yeye ndo aongoze. Akivuka salama sehemu ile ile siku nyingi mfululizo, ikiwemo siku aliyochoka na siku aliyo na marafiki, hapo unaanza kufikiria. Akivuka vizuri siku mkiwa wawili tu na kimya, hiyo bado haijakuambia kitu.

6. Namfundishaje ikaingia?

Fupi fupi na mara nyingi. Dakika kumi kila siku njiani zinashinda somo la saa nzima la wikiendi, na somo la kwenye karatasi halihamii barabarani lenyewe. Chagua njia moja ya kwenda shule na sehemu moja ya kuvukia, hata kama inazungusha, mfanye hiyo tu mpaka mwili uzoee, ndo muongeze nyingine. Kubadilisha njia kila siku eti azoee kote kunamchanganya.

Mpe sentensi moja yenye "nikifika": *nikifika ukingoni, miguu miwili inasimama.* Aiseme kwa sauti, kila ukingo, hata wa barabara isiyo na gari. Alafu asimulie anachoona: "gari nyeupe inakuja, iko mbali, nyuma yake kuna pikipiki, nasubiri pikipiki ipite." Hapa ndipo penye dawa ya lile tatizo la swali la 3, maana kusema kwa sauti kunamlazimisha kuchambua alichokiona, na wewe unasikia kichwani kinaenda nini. Akisema "poa twende" wakati pikipiki bado inakuja, umejua pa kufanyia kazi.

Sifa itoke saa hiyo hiyo na itaje kitu chenyewe: "umesubiri ile pikipiki, safi sana." Zawadi ya mwisho wa mwezi iko mbali mno kwa watoto hawa, usipoteze hela yako.

Mfundishe pia kasi kwa macho. Gari la kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde, la kilomita 30 karibu mita 8. Pimeni mita 14 kwa hatua sehemu salama, asimame huku na wewe kule, uhesabu moja. Wengi wanashtuka, hata watu wazima.

7. Ananichomoka mkononi. Nimshikeje? Ile kamba ya kumfunga si namdhalilisha?

Shika kifundo cha mkono, sio vidole, vidole vinateleza. Yeye akae upande wa mbali na magari, wewe ukae kati. Mizigo beba begani ili mkono mmoja ubaki wazi, simu iwe mfukoni. Ukiwa na watoto wawili, huyu ndo wa kushikwa, mwenzie ashike nguo yako au mkoba.

Kamba za kiunoni au za begi kwa watoto wadogo wanaochomoka zipo na mimi sioni aibu, watu watasema watanyamaza. Ila kadiri anavyokua hamia kwenye makubaliano: "shika kamba ya begi langu mpaka ile nguzo, baada ya nguzo uko huru." Mtoto anavumilia zaidi akijua kushikwa kunaishia wapi.

8. Kakimbilia barabarani, gari limefunga breki kwa nguvu. Nimchape ili akumbuke?

Mvute kwanza mpaka sehemu salama, hakikisha hajaumia, alafu wewe mwenyewe upumue. Najua mkono unawasha, hasira ile ni woga. Lakini kipigo kinamfundisha kukuogopa wewe, na mtoto anayekuogopa anaanza kuficha, akigongwa kidogo hasemi (tazama swali la 20). Pia anaweza kukimbia *kutoka* kwako, na ukute mko barabarani tena.

Fanya hivi: sauti ya chini, maneno machache, rudini ukingoni pale pale mkavuke upya kwa usahihi, hata mara mbili tatu. Madhara yawe ya kueleweka na ya leo leo: leo hutembei huru, unashikwa mpaka nyumbani. Kesho anaanza upya, usimbebee deni wiki nzima.

9. Sehemu zipi zinawamaliza zaidi?

Katikati ya magari yaliyoegeshwa, kwa sababu dereva hamuoni mpaka ameshatokea. Pembeni ya gari linalorudi nyuma. Mpira ukienda barabarani. Na ile kubwa kuliko zote kwa hawa wa kwetu, mtu anayempenda akiwa ng'ambo. Usimwite mtoto mwenye ADHD kutoka upande wa pili wa barabara, hata kwa kumpungia tu. Vuka wewe umfuate, na mwambie bibi na rafiki zake nao wajue hivyo.

## GARI, PIKIPIKI, BASI NA BAISKELI

10. Anafungua mkanda gari likiwa linatembea.

Simamisha gari sehemu salama, bila kelele, mwambie gari linatembea mikanda ikifungwa, ngoja. Ukibishana naye huku unaendesha, mtakuwa wawili mliopoteza umakini. Ukifanya hivi kila mara bila kuruka hata siku mliyochelewa, kawaida anachoka kabla yako. Mpe kitu cha kushika mikononi, kisiwe kigumu wala chenye ncha.

Siti ya nyuma, kufuli za watoto milangoni ziwashwe, na kiti cha kumnyanyua kama bado mfupi, nchi nyingi zinataka mpaka urefu wa sentimita 135 au 150. Vile vifuniko vya kuzuia asibonyeze kitufe cha mkanda fikiria mara mbili, maana ikitokea ajali mwokoaji naye lazima aweze kumfungua haraka.

11. Pikipiki je?

Kama miguu yake haifiki kwenye vikanyagio, hapandi, basi. Kama inafika: helmeti ya saizi yake iliyofungwa chini ya kidevu, mtoto mmoja, anashika kiuno cha dereva. Helmeti ya mtu mzima inayocheza kichwani ni pambo. Na mtoto anayegeuka geuka ghafla kuangalia vitu anayumbisha chombo, kwahiyo ukiwa na njia nyingine yoyote, hata ya polepole, chukua hiyo.

12. Basi la shule, shida ni ndani au nje?

Ndani kuna fujo ila hatari iko mlangoni akishuka. Sheria moja: akishuka anasimama mbali na barabara mpaka basi liondoke, ndo avuke, na avushwe na mtu mzima. Kupita mbele ya basi kwa haraka ni kujificha kwa gari linalolipita basi. Omba akae siti ya mbele karibu na msimamizi, na kuwe na jina la mtu mmoja anayempokea, sio "kutakuwa na mtu".

13. Baiskeli nimruhusu?

Mruhusu, mwili wake unahitaji kucheza. Ila kwanza uwanja usio na magari, mpaka kusimama, kugeuka na kuangalia nyuma bila kuyumba viwe vya mazoea. Wengi wenye ADHD wana shida pia ya kuratibu mwili, breki ya mkono inachelewa. Helmeti kila mara, hapana spika masikioni, na magari ya kweli baadaye sana kuliko anavyotaka yeye.

## DAWA

14. Dawa za ADHD zinamsaidia barabarani?

Zinaweza kusaidia umakini na kule kusubiri, lakini hazimfundishi kuvuka, mazoezi ya swali la 6 yanabaki pale pale. Kwa walio chini ya miaka 6 miongozo mingi inashauri kuanza na mafunzo kwa wazazi kabla ya dawa.

Kitu ambacho wazazi wengi hawaambiwi ni saa. Methylphenidate (moja ya dawa hizo za ADHD) ya muda mfupi inafanya kazi kama masaa manne hivi, ile ya muda mrefu kati ya 8 na 12. Ukimpa ya muda mfupi asubuhi, saa ya kutoka shule imeshaisha, na saa ya kutoka shule ndo mtoto amechoka, ana njaa, yuko na kundi, na magari yamejaa. Kaa na daktari uchore ratiba ya siku nzima ukiweka alama saa anazokuwa barabarani, usijiongezee dozi mwenyewe. Na siku dawa imesahaulika au imeisha, mwambie shule, siku hiyo anapokelewa mlangoni na hatembei peke yake.

## MSAADA NA HAKI

15. ADHD inahesabika ulemavu? Mbona anatembea na kuongea vizuri?

Inategemea sheria ya nchi, na mara nyingi inategemea *kiasi gani* inamzuia, sio jina la ugonjwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 ukaanza kazi Mei 2008, haudai kiti cha magurudumu, unaangalia hali ya muda mrefu ya mwili, akili au hisi ikikutana na vizuizi vinavyomfanya mtu asishiriki sawa na wengine. Barabara isiyo na kivuko mbele ya shule ni kizuizi. Uingereza kwa mfano, posho ya watoto wenye ulemavu inapimwa kwa uangalizi anaohitaji mtoto kuzidi wenzake wa umri huo, kuwa na cheti cha ADHD peke yake hakutoshi.

Kuna wazazi wanaogopa neno "ulemavu" litamganda mtoto. Ni hofu ya kweli, lakini huduma nyingi mlango wake ni neno hilo hilo. Unaweza kulitumia kwenye fomu bila kulitumia mezani mnapokula.

16. Niiombe shule nini hasa?

Ule mkataba, kifungu cha 24, unazungumzia marekebisho yanayofaa kwa mahitaji ya kila mwanafunzi, kwahiyo huombi fadhila. Omba vitu vidogo vinavyofanyika: atoke dakika tano kabla ya msongamano au baada, akabidhiwe mkono kwa mkono, kwenye safari za shule awe na mtu mzima wake mmoja, apewe mwenza wa kutembea naye (mwenza sio mlinzi, usimtwishe mtoto mwingine jukumu la uhai). Pia sisi wazazi tuombe kwa pamoja kivuko, matuta na kasi ya kilomita 30 kwa saa mbele ya shule, ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza sehemu watu na magari wanapochanganyika. Hilo linawafaa watoto wote, kwahiyo hata mzazi asiyejua ADHD ni nini atatia saini.

Peleka kwa maandishi, baki na nakala. Maneno ya korido yanasahaulika mwalimu akihamishwa.

17. Nimeomba msaada nikaandika "mtoto ni msumbufu sana barabarani", wamekataa. Niandikeje?

"Msumbufu" haimwambii afisa kitu, kila mtoto ni msumbufu. Andika tukio: tarehe, wapi, alifanya nini, wewe ulifanya nini, ingekuwaje usingekuwepo. Mfano: "Ana miaka 9. Jumanne akitoka shule aliingia barabarani kufuata rafiki, nilimdaka begi. Wiki hiyo ilitokea mara tatu. Mdogo wake wa miaka 7 anasimama mwenyewe." Hiyo ya mdogo wake ina nguvu, inaonyesha tofauti na rika.

Wazazi tuna kasoro ya kumpamba mtoto tukiwa mbele ya ofisa. Eleza siku ngumu zilivyo na zinatokea mara ngapi, usizidishe na usipunguze. Ambatisha ripoti ya daktari na ya mwalimu. Ukikataliwa uliza sababu kwa maandishi na siku ya mwisho ya kukata rufaa, wengi wanakata tamaa hapo wakati rufaa ipo.

18. Avae kitambulisho?

Ukipenda. Ndani ya begi au bangili weka namba ya simu ya mzazi na dawa anazotumia. Jina lake lisiwe nje linasomeka na kila mtu, mgeni akimwita kwa jina ataenda. Kuna pia ile kamba ya shingoni ya kijani yenye maua ya alizeti, ilianzia uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, mwaka 2016 kuashiria ulemavu usioonekana, lakini dereva wa barabarani haisomi, kwake inafaa nguo yenye rifleketa.

## HALI ZA PEMBENI

19. Ana ADHD na usonji (au kifafa) pamoja.

Inatokea sana. Mwenye usonji anaweza kukimbia ghafla kwa sababu ya honi au kelele, hapo chagua njia tulivu hata kama ndefu. Mwenye kifafa, yale "kuzubaa" yanaweza kuwa kifafa chenyewe na sio kukosa umakini: kama anaganda sekunde kadhaa, ukimwita au kumgusa hashtuki, alafu anaendelea kama hakuna kitu, mpeleke akaangaliwe kabla hujamruhusu barabara au baiskeli.

20. Kagongwa kidogo, kainuka, anakimbia kama kawaida. Tuendelee?

Hapana, akaonwe na daktari leo. Mtoto mwenye ADHD anaweza kuinuka akacheza hata akiwa kaumia, na baadaye akianza kuchanganyikiwa watu wanasema "ndo alivyo". Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, kichwa kikizidi kuuma, akiongea ovyo, akipata degedege, au damu au maji yakitoka sikioni au puani, ni dharura. Dalili za kichwa zinaweza kuchelewa masaa kadhaa. Mwambie daktari waziwazi kwamba ana ADHD na anavyokuwaga siku za kawaida, ili ajue kipi ni kipya.

21. Sasa ana miaka 16, anataka kujifunza kuendesha.

Utafiti wa New Jersey, Marekani, uliotoka mwaka 2017 ulikuta madereva wapya vijana wenye ADHD wana uwezekano wa kupata ajali ya kwanza ulio juu kwa asilimia 36 kuliko wenzao. Ni nyingi, ila haifungi mlango. Mazoezi marefu zaidi na mtu mzima pembeni, simu imezimwa nyuma ya gari, mwanzoni bila marafiki na bila usiku, na kama anatumia dawa, aendeshe saa ambazo inafanya kazi. Utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, mwaka huo huo, ulionyesha watu wenye ADHD walipata ajali chache zaidi kwenye miezi waliyotumia dawa kuliko miezi waliyoacha.

22. Na kama mimi mzazi ndo nina ADHD? Mimi mwenyewe navuka huku nawaza.

Haushangazi, ADHD inarithiwa sana, tafiti za mapacha zinaweka mchango wa kurithi karibu asilimia 74. Mfanye lile zoezi la kusema kwa sauti pamoja, wewe naye, kwa zamu, mtoto akukosoe ukisahau. Wanapenda kweli kumkamata mzazi. Weka alamu ya saa ya kumpokea, mbili, sio moja, na uwe na mtu wa akiba ambaye shule inamjua. Alafu kapimwe na wewe.